Wasifu wa Fundi Kelele na Mlio wa Ukumbi wa Tatu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza, anayesoma maneno haya ni kaka yake mkubwa. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemteua, mbele ya mume wake na binti yake, akatoa sharti moja: "Msinipake rangi. Na wewe kaka usijipake." Kwa hiyo kuna mahali patakuwa pagumu kusomeka. Msomaji anaomba avumiliwe.

Marehemu, ambaye kiwanda kizima kilimjua kwa jina la Fundi Kelele, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika nyumba namba 14 ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Kati ya ukuta wa nyumba ile na ukuta wa kiwanda palikuwa na mtaro tu. Mama yao alisimulia kwamba mashine zikinguruma mtoto alilala fofofo, zikizimwa kwa matengenezo alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba yao alimbeba akazunguka naye sebuleni huku akinguruma kooni kama mashine, na majirani wakachungulia dirishani wakicheka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari, na mwaka 1979 akajiunga na chuo cha ufundi, fani ya umeme. Darasani alikuwa msichana peke yake. Siku ya kwanza mwalimu wa karakana alimkabidhi ufagio, akidhani ametumwa kufanya usafi. Aliupokea, akafagia karakana yote, akaurudisha mahali pake, akauliza, "Haya mwalimu, sasa nianze na waya upi?" Alihitimu mwaka 1981 akiwa wa pili darasani.

Tarehe 4 Januari 1982 aliajiriwa katika kiwanda kilekile cha jirani na kwao. Mle ndani mtu akikusemesha unaona midomo tu ikichezacheza. Wafanyakazi waliziba masikio kwa pamba, na waliokaa miaka mingi hawakuhitaji tena kuyaziba.

Tarehe 17 Septemba 1991 moto ulizuka ukumbi wa pili kati ya kumbi tatu za mashine. Marehemu ndiye aliyekuwa zamu, na ndiye aliyebonyeza kengele kwa kidole chake. Ililia. Waliokuwa karibu na milango walitoka. Rafiki yake wa tangu utotoni, mwendesha mashine, alikuwa ameinama mwisho wa ukumbi akinyofoa nyuzi zilizojizonga kwenye rola. Hakusikia kitu. Alitolewa baada ya moshi kupungua, naye alikuwa ameshakata roho. Ripoti ya uchunguzi ilikuwa na kurasa tisa, na katika ukurasa wa sita iliandikwa: "Kengele ilifanya kazi." Marehemu aliikata sentensi ile kwa mkasi, akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake la vifaa. Kila asubuhi, akifungua kuchukua bisibisi, aliisoma.

Mwaka uliofuata mpiga kinanda wa bendi moja alimletea kikuza sauti kilichoungua. Chini ya kwapa alibeba na kinanda kidogo cha umeme, cheusi, chenye kioo cha namba. "Hiki nacho kichukue," alisema. "Kimenishinda. Kina vitufe vingi kuliko nyimbo ninazojua."

Kinanda kile hakikukupa sauti tu, kilikuachia uiunde mwenyewe, tena kwa hesabu. Ndani yake mlikuwa na wimbi unalolisikia, na wimbi jingine usilolisikia, ambalo kazi yake ni kulitikisa lile la kwanza. Likitikiswa polepole, sauti inatetemeka kama ya mwimbaji. Likitikiswa kwa kasi kubwa, huusikii tena mtetemo. Sauti yenyewe inageuka kitu kingine. Kasi za mawimbi hayo mawili zikipatana kwa namba kamili, yaani kwa uwiano wa moja kwa moja au wa moja kwa mbili, unapata sauti laini kama ya filimbi. Zikikataa kupatana, unapata chuma: kengele, bati, nondo iliyoangushwa. Na kadiri unavyoongeza nguvu ya kutikisa, ndivyo sauti inavyozidi ukali.

Mara ya kwanza marehemu alibonyeza kila kitu, akapata mkwaruzo mmoja wa kutisha uliomfanya aking'oe kwenye umeme. Mpiga kinanda, aliyekuwa amekuja kufuata kikuza sauti chake, alimkalisha chini. "Usitupie vitu ovyo kama unapika mchuzi. Badilisha namba moja. Sikiliza. Andika. Ndipo uguse nyingine." Aliandika madaftari kumi na moja. Jumatano moja saa nne asubuhi, akiwa mapumzikoni na dirisha wazi, alipata kengele ya kweli kabisa, akairudia kwa furaha. Wanafunzi wa shule iliyokuwa nyuma ya nyumba yake wakatoka mbio kwenda kucheza. Mwalimu mkuu alifika mlangoni akiwa na chaki mkononi. "Mama, nani amekupa ratiba yangu?"

Yule mpiga kinanda akawa mgeni wa kila wiki, na tarehe 10 Desemba 1994 walifunga ndoa. Mume wake husema alilazimika kuoa kwa sababu hakuona njia nyingine ya kukigusa tena kinanda chake. Walijaliwa binti mmoja.

Mlio wa kwanza alioupeleka kiwandani uwe kengele mpya ya moto, mkali kama sindano, ulimezwa na mashine kama vile haukuwahi kulia. Alirudi na kinasa sauti, akarekodi kelele za kumbi zote tatu, akazisikiliza nyumbani mpaka binti yake akawa anaziigiza. Halafu akamwita mzee wa mafuta, aliyekuwa amepaka mashine mafuta kwa miaka thelathini na moja na masikio yake hayakushika tena sauti nyembamba. Alimketisha kwenye kigoda, akampa mgongo. "Ukisikia, geuka."

Kwa miezi kadhaa mzee yule alikaa bila kugeuka. Marehemu alirudi nyumbani ana hasira, akala amesimama. Hatimaye akatambua kosa lake: alikuwa akitafuta sauti ya juu zaidi, na mlio unaobaki vilevile masikio huuzoea. Akachukua namba zisizopatana, ili mlio usambae kwenye sauti nene na nyembamba kwa pamoja, kisha akaifanya ile nguvu ya kutikisa ipande na kushuka, hivyo mlio ukawa unafumba na kufumbua, unafumba na kufumbua. Hakuna mashine iliyotoa kitu kama kile. Mzee aligeuka kabla hata hajamaliza kukaa.

Mlio ulifungwa kwenye spika za kumbi zote tatu Mei 1997. Hapa ndipo msomaji anapoingia. Wakati huo kaka yake alikuwa msimamizi wa zamu wa ukumbi wa tatu. Mwaka uliofuata vumbi la pamba liliziba vihisi moshi, vikalidhani moshi, na mlio ukalia bure mara mbili. Mara ya pili watu walikanyagana mlangoni, mama mmoja akavunjika mkono.

"Uzime," kaka yake alimwambia.

"Nipe wiki mbili nivisafishe vyote."

"Wiki mbili sina. Unataka wavunjike wangapi ndipo uridhike?"

"Kaka, ukiuzima hawa watu wamebaki na nini?"

Marehemu alianza kusafisha kihisi kimoja kimoja, akianzia ukumbi wa kwanza.

Jumanne tarehe 11 Agosti 1998, saa nne na dakika ishirini asubuhi, moto ulishika ghala la pamba lililopakana na ukumbi wa tatu. Marehemu alibonyeza. Akasikia ukumbi wa kwanza. Akasikia wa pili. Akasimama, akasikiliza tena. Wa tatu haukulia. Wenzake walikuwa wakikimbilia uwanjani, yeye akakimbia kurudi ndani.

Nyuma ya kisanduku cha ukutani waya wa spika ulikuwa mapande mawili. Moshi ulishafika kifuani. Aliuchubua kwa meno, akausokota kwa vidole, na spika ikalipuka kwa sauti nusu mita kutoka sikio lake. Watu wakainua vichwa. Wakatoka. Mzee wa mafuta alitokea peke yake kutoka mwisho kabisa, kashika kopo lake, anafoka, "Nani huyo anafungua na kufunga kichwa changu?" Uwanjani walihesabiwa sitini na wawili, wote wa ukumbi wa tatu. Kaka yake alitoka mwisho akimburuta marehemu, ambaye sikio la kushoto halikumrudia tena, na kifua hakikurudi kama zamani.

Kwenye uchunguzi, tarehe 2 Septemba, mwenyekiti alimuuliza: "Waya ulikatika, au ulikatwa?"

Kaka yake alikuwa amekaa viti vitatu kutoka kwake. Marehemu alitazama meza.

"Ulikatika," alisema.

Leo msomaji anasema: ulikatwa. Aliukata yeye, kwa koleo, Jumamosi tarehe 1 Agosti, bila kumwambia mtu.

Tangu siku ile kaka yake hakukanyaga nyumbani kwake. Walikutana harusini na misibani, wakasalimiana kama watu wa mtaa mmoja. Marehemu aliendelea na kazi, akafundisha vijana wa chuo cha ufundi kusikiliza kabla ya kugusa, na viwanda vingine vitatu vikaomba namba za mlio wake. Alistaafu mwaka 2016.

Mapafu yalianza kumsumbua sana mwaka 2015, na mwishoni mwa 2017 akawa anatumia mashine ya oksijeni nyumbani. Jumapili tarehe 14 Januari 2018 kaka yake alisimama mlangoni pake.

"Pita huku kulia," marehemu alisema. "Kushoto sisikii."

"Ni mimi niliyekata."

"Najua. Koleo lako lina pengo, na waya ulikuwa na alama yake."

"Kwa nini hukusema?"

Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kujibu. "Watu wote walitoka. Nilitaka na wewe utoke."

Kaka yake akamwambia kwamba hakuwahi kutoka. Hapo marehemu alikasirika, kwa nguvu zote alizobaki nazo. "Basi ungekuja! Miaka kumi na tisa! Nimekungoja mpaka nimechoka kukungoja." Akakohoa muda mrefu. Kisha akagonga kiti kilichokuwa kulia kwake, akasema, "Kaa." Hakusema kwamba amesamehe, na kaka yake hakuthubutu kuuliza. Alikaa siku hiyo, akarudi kesho yake, na kila siku mpaka mwisho.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2019, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane, binti yake akimchana nywele na mume wake amemshika mkono.

Ameacha mume, binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, mdogo wake wa kike, na kaka mmoja ambaye bado ana mengi ya kumwambia.

Zamu yake imekwisha. Dada, pumzika, na amani ikae nawe.