Mikono Minne ya Jengo D

Kijiwe chetu kinatazamana na lango la hospitali. Ni benchi moja la mbao ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Mimi ni fundi viatu, nakaa mwisho wa benchi na sanduku langu, kwa hiyo nasikia yote, hata nisiyoyataka. Pembeni yangu hukaa Spika, kinyozi mwenye mdomo usiofunga duka. Anafuata Ramani, aliyemshikia mpima ardhi fimbo kwa miaka sita, na tangu hapo hakuna njia asiyoijua. Kisha Redio, fundi wa simu, ambaye hupata habari kabla hazijatokea. Kahawa anatumiminia shemeji yetu, Mama Birika. Mumewe, Dereva, ni mwenzetu wa benchi hilihili, ila figo zilimgomea akaacha usukani. Siku tatu kila wiki anaingia lango lile kusafishwa damu kwa mashine, la sivyo hatunaye. Basi asubuhi hiyo hospitali iliwaita wananchi watoe maoni, maana inajengwa upya. Mkutano uligongana na saa ya Mama Birika kumpeleka mumewe ndani, akatutuma sisi, wanaume wazima wanne, na swali moja tu: wakati wa ujenzi, zile mashine za damu zitakuwa wapi? Tulirudi saa sita, matumbo yamejaa soda.

– Haya, shemeji zangu, alisema Mama Birika huku akipanga vikombe. Mmeuliza?

– Shemeji, hii habari haitaki haraka, Spika akamjibu. Acha nianze mwanzo. Tumeingia, tumepewa viti vya mbele. Vya mbele, unanisikia? Kuna binti pale, ndiye mchoraji wa majengo, katusalimia mmoja mmoja.

– Mimi kaniita mtaalamu, alisema Ramani.

– Kakuita mtaalamu kwa sababu ulikataa kukaa, nikamwambia. Umesimama mbele ya mchoro nusu saa nzima, watu wa nyuma hawakuona kitu zaidi ya kisogo chako.

– Sasa nikae, na watu hamjui kusoma mchoro? Majengo yote yameandikwa herufi tu. A, B, C, D. Bila mimi mngejulia wapi?

– Na mashine? akauliza Mama Birika.

– Tunafika huko, shemeji. Kwanza stika.

Kusema kweli, zile stika zilitulevya. Kila mtu alipewa tatu, za kijani, azibandike kwenye mchoro mahali anapoona ni muhimu kuliko pote. Wengine walibandika wodi ya watoto, wengine dirisha la dawa. Sisi wanne tulibandika zote kumi na mbili nje ya lango, hapa penye benchi letu. Binti akatazama lile lundo la kijani, akaandika pembeni: wananchi wanataka bustani.

– Bustani au si bustani, benchi limeingia kwenye mchoro, alisema Spika. Nani mwingine mtaa huu kachorwa?

– Nyie furahieni benchi, alisema Redio. Hamjajiuliza kwa nini tumeitwa? Hospitali hii imepakwa rangi mara ngapi bila kutuuliza? Choo cha nje kimebomolewa, nani aliulizwa? Leo ghafla, eti tunaomba maoni yenu. Hapo pana jambo.

– Jambo gani?

– Picha. Hamkumwona yule wa kamera? Kila tukinyanyua mkono, anapiga. Wafadhili wanataka nyuso zenye furaha. Ndiyo maana soda zimegawiwa mwanzo, si mwisho.

– Picha ni kitu kidogo, alisema Ramani, akishusha sauti. Nimepima kuta kwa vidole. Wanasema ghorofa tatu? Uongo mtupu. Ukuta mnene vile unabeba ghorofa kumi na mbili. Na juu kabisa pametengwa pa kutua helikopta.

– Imlete nani? nikamuuliza.

– Wagonjwa kutoka nje.

– Wa nje waje kwetu, wakati wakubwa wetu wakiumwa mafua tu wanakimbilia kwao?

– Ndiyo mpango wenyewe. Watakuwa wanapishana angani.

– Na chini je? Redio akadakia. Mmeona ghorofa ya chini ya ardhi kwenye mchoro? Haipo! Na kama haijachorwa, ujue imefichwa. Kule chini watakaa madaktari, wanatutibu kwa simu. Unaweka ulimi kwenye kioo, jibu linakuja kwa ujumbe.

– Weee! Na hiki kioo changu kilivyopasuka, nitabaki na ulimi?

– Ukikatika, mtaa mzima utapumzika, nikamwambia Spika.

Tulicheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali. Mama Birika hakucheka. Alisimama na birika mkononi, vikombe vyetu vitupu mbele yake, na hakumimina.

– Shemeji zangu, niliwatuma jambo moja. Mmeuliza, hamkuuliza?

Spika akakohoa.

– Si kwamba hatukuuliza. Ni kwamba muda wa maswali ulitumika.

– Kautumia nani?

– Mimi, lakini kwa faida yako wewe! Nilisimama kuhusu vumbi na kelele. Wakasema ujenzi lazima uanzie mahali, ama mbele hapa, jengo A, ama nyuma, jengo D. Wangeanzia mbele, hapa pangezungushiwa mabati mwaka na nusu. Hiyo kahawa ungemuuzia nani? Tumekupigania, shemeji. Ikapigwa kura ya mikono, na nyuma ikashinda kwa mikono minne.

– Minne tu, alisisitiza Ramani. Tungezubaa kidogo, tumekwisha.

– Nyuma ni wapi?

– Jengo D, pale wanapofulia mashuka. Nikawaambia watu, hilo halina hasara kwa mtu yeyote, ni nguo tu. Nalijua hilo jengo, tumelipima mimi na bosi wangu.

– Mwaka gani?

Ramani alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

– Siku hizi pale hawafui nguo, shemeji, alisema Mama Birika taratibu.

Hapo ndipo nilipokumbuka mashine za damu ziko wapi. Nyuma kabisa, ukishapita jiko la hospitali. Mimi mwenyewe nimemsindikiza Dereva pale mara mbili, nikamwacha mlangoni nikawahi kazini. Sikuwahi kuinua macho kusoma herufi iliyo juu ya ule mlango.

Na Dereva akatokea langoni muda huohuo, bandeji mkononi, anatembea huku ameshika ukuta. Tulisogea, akaketi katikati yetu. Hakuwa na hasira hata chembe. Afadhali angetutukana.

– Jamani, nyie mlikuwa mkutanoni, nisaidieni, alisema. Wamebandika karatasi mlangoni kwetu. Mwisho wa mashine ni keshokutwa Jumamosi, halafu wanabomoa. Namuuliza nesi, ananiambia wananchi wameshachagua, yeye hajaambiwa zaidi. Nikasema basi, wenzangu walikuwepo, hawawezi kukosa kuuliza. Sasa, Jumatatu niende wapi?

Spika alitazama ndani ya kikombe chake kitupu. Ramani alinyanyua kidole kuelekea barabarani, kisha akakirudisha. Redio hakuwa na habari yoyote. Mimi nilishika kiatu cha mteja, nikajifanya natafuta palipotoboka. Niliona aibu, tena aibu ya kutaka ardhi ipasuke, kwa sababu mkono wangu ndio uliotangulia kwenda juu. Niliunyanyua kabla binti hajamaliza kuuliza, nikiogopa vumbi kwenye sanduku langu.

Mama Birika aliweka birika chini. Akafunga upya kitambaa chake cha kichwani, akamgusa mumewe begani.

– Kaa hapa na wananchi, nakuja, akamwambia.

Kisha akavuka barabara kwenda kuuliza mwenyewe. Dereva akatugeukia, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Birika lilikuwa limejaa kahawa ya moto, na hakuna kati yetu aliyethubutu kujimiminia.