Shahidi wa Jogoo Mweupe

"Mwongo! Yule mama alikuwa mwongo namba moja Busia nzima!"

"Mzee Oduori, chunga mdomo. Mwili uko ndani. Na yule alikuwa hakimu, si mwongo."

"Hakimu wa wapi, Wilkista? Mimi nimemwona Desemba baada ya Desemba akidanganya bila kupepesa jicho!"

"Na mimi nimemwona akikata kesi, ukumbi mzima kimya. Mwaka huo wewe ulikuwa umelala?"

Wasikilizaji wapendwa, hao ni majirani wawili, Mzee Oduori fundi wa baiskeli na Mama Wilkista wa chapati. Wanabishana uani, kwenye matanga, wiki hii hii. Wote wawili macho mekundu kwa kulia. Na cha ajabu, wasikilizaji, wote wawili wanasema kweli.

Mama Roselida Mugeni ametuacha. Roselida wa omena, wale dagaa wetu wa ziwani, soko la Busia. Roselida wa mchezo wa Jogoo Mweupe. Ndiye tunayemkumbuka leo.

Sasa, madereva wetu mlio kwenye foleni ya matrela pale Malaba, nyinyi wageni, msiachwe nyuma. Mchezo huo uliandikwa zamani na mwalimu mmoja wa Sigalame. Kila Desemba, watu wakirudi nyumbani, unachezwa ukumbi wa kanisa, na asiyepata kiti anapanda dirishani. Jogoo mweupe wa mjane ameibwa. Mjane, kazi yake ni kulia mpaka ukumbi ulie naye. Mshtakiwa ni mchunga mbuzi asiye na hatia, na kazi yake ni kunyamaza, ambayo waigizaji husema ndiyo ngumu kuliko zote. Karani anasinzia juu ya meza, atuchekeshe machozi yakizidi. Hakimu ana joho jekundu na sauti ya ngurumo. Halafu yuko Shahidi wa Uongo. Huyo ndiye aliyekula jogoo! Unyoya bado uko kwenye kilemba chake. Naye anasimama, anamfunga mwenzake kwa maneno: "Nimeona kwa macho yangu haya mawili!"

Huyo Shahidi ndiye Roselida. Miaka na miaka, ni Roselida.

Wengine wangepiga kelele. Yeye alikuwa anashusha sauti. Anamfuta mjane machozi kwa leso yake mwenyewe, anamshika mkono, halafu ndio anadanganya. Watu walikuwa wanasimama juu ya viti wakimtukana. Bintiye, Sharlyne, anasema, "Mama alikuwa anafanyia mazoezi jikoni akipepeta omena. Mimi mwenyewe, mtoto wake wa kuzaa, nilikuwa namwamini."

Lakini uongo wa jukwaani ulimfuata sokoni. Akisema omena imeshuka ufukweni Sio Port asubuhi hii, wateja wanacheka. "Imeshuka leo, mama, au imeshuka na jogoo?" Akiapa, ndio wanazidi. Na ukweli, wasikilizaji, ni kwamba Roselida hakujua kudanganya nje ya ukumbi. Wilkista anasema hata chapati ikiungua, Roselida alikuwa anamwambia usoni: "Hii mpe ng'ombe, dada."

Upande wa pili alikuwa Willis. Willis ni wakala wa mizigo mpakani, na ndiye aliyekuwa Hakimu. Mdomo wake mnaujua. Lori lako liko Mombasa, yeye atakuapia limeshafika Malaba na dereva anakunywa chai. Lakini kwa sababu ya lile joho jekundu, watu walikuwa wanampisha njiani. "Shikamoo, Mheshimiwa!" Willis anaitikia kwa uzito, kama kweli.

Basi ikaja siku ile ya simu.

Mteja mmoja alikuwa amenunua omena, gunia limefungwa juu ya bodaboda. Akajipapasa: simu hakuna. Karibu naye alikuwa Terry, msichana wa kusuka nywele, mgeni sokoni, hana ndugu hapo. Mtu akapaza sauti: "Mwizi!" Na mnajua hapa kwetu neno hilo likishatoka, mawe hayatafutwi mbali.

Roselida aliona kila kitu. Simu iliteleza kutoka kifuani kwa yule mteja ikaingia kwenye gunia alipoinama kulifunga. Roselida akajitupa katikati ya watu.

"Mwacheni! Simu iko kwenye gunia! Nimeona kwa macho yangu haya mawili!"

Wasikilizaji wapendwa, soko lilipasuka kwa kicheko. Lile lile neno la mchezoni! "Shahidi amekuja! Angalieni kilemba, unyoya uko wapi?" Kadiri alivyoapa ndivyo walivyocheka. Na Terry alikuwa amekaa chini, damu puani. Mwenye bodaboda akawasha pikipiki, gunia linaondoka na ushahidi wote.

Hapo Roselida akamwona Willis akipita na karatasi zake kwapani. Akamkamata shati.

"Willis, waambie wafungue gunia."

"Mimi sijaona kitu, mama."

"Sijakuuliza umeona nini. Sema tu! Wewe watakusikia!"

Willis akaangalia umati, akamwangalia Terry. Akapanda juu ya kreti ya soda. Akaitoa ile ngurumo: "Mahakama inaamuru gunia lifunguliwe!"

Pikipiki ikazimwa. Gunia likafunguliwa. Simu hiyo, ndani ya omena.

Jioni Roselida hakula. Sharlyne anakumbuka maneno yake: "Leo mtoto wa watu angekufa kwa sababu ya jogoo ambaye hata hayuko." Akasema mchezo basi, haingii ukumbini tena. Kikundi kikaja kumbembeleza. Akakataa. Wakarudi, akawaambia jambo moja: "Nitacheza, lakini joho nivae mimi. Willis achukue kilemba."

Desemba hiyo ukumbi ulikataa katakata. "Rudisheni Hakimu wetu!" Roselida akakaa kwenye kiti kile, joho linaburuta sakafuni, akawatazama. Akawatazama mpaka waliokuwa madirishani wakanyamaza. Ndipo akamgeukia Shahidi kwa sauti yake ya chini: "Haya, tuambie. Tunasikiliza."

Na Willis, huyo bingwa wa mpakani, akashindwa kudanganya! Alicheka, akasahau maneno, unyoya ukaanguka kabla ya wakati. Hakimu akakata kesi, mchunga mbuzi akaachiliwa, na kinamama wa soko wakapiga vigelegele mpaka karani akaamka kwelikweli.

Mwaka uliofuata Roselida alirudi kwenye uongo wake mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyeuweza. Lakini watu walikuwa wameshamwona kwa sura mbili. Walijua sasa kwamba ni kazi, na kwamba kazi hiyo anaijua kuliko mtu yeyote huku kwetu. Kesi za meza na za mipaka ya vibanda zikaanza kupelekwa kwake. Akisema omena ni ya leo, ni ya leo.

Kwa Sharlyne, kwa familia yote ya Mugeni, kwa kikundi cha Jogoo Mweupe na soko zima la Busia: poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tumemvisha kilemba cha uongo, na hatujawahi kufungua gunia kuangalia?

Jana mchana mwanamke mmoja alisimama getini kwa marehemu, ametoka safari, mtoto mgongoni. Hakuingia. Sharlyne akamfuata.

"Dada, wewe ni wa upande gani?"

"Mimi si ndugu. Naitwa Terry. Mama yako aliniona siku moja pale sokoni, akasema kweli."

Sharlyne akampokea mtoto, akamshika mkono.

"Ingia ndani. Ugali umeiva, samaki yupo. Ingia ule."