Michezo Isiyo na Kufuli

Fundi wa mapazia hakukusudia kusikiliza, lakini kiti chake kwenye treni kilitazamana na vya abiria wawili waliokuwa wakibishana, na masikio hayafungiki kama dirisha.

Muuguzi mwenye sare alikuwa amemkamia jirani yake, dereva mstaafu wa winchi. Ubishi wao ulihusu maduka ya mtandaoni yanayouza michezo ya kompyuta.

"Mzee wangu, duka lako linakuuzia mchezo halafu linabaki na ufunguo. Kila ukitaka kucheza, kompyuta inawaomba wenye duka ruhusa. Siku wakifunga duka, huna kitu. Langu halina kufuli. Napakua faili lote, naliweka kwenye diski, diski naifungia kabatini."

"Umeshacheza mingapi?"

"Bado. Kwanza naihifadhi."

Fundi alijizuia kucheka. Na yeye nyumbani alikuwa na vitambaa vya namna hiyo, alivyovihifadhi bila kuvishona.

"Hilo kufuli nalijua, binti yangu," mzee alisema. "Lakini duka langu linanionyesha nani yuko mchezoni. Mwanangu yuko mbali, na hatujasemezana tangu tumzike mama yake. Jioni nikifungua, naona kijitaa cha kijani kando ya jina lake, roho inatulia. Diski yako ina kijitaa?"

Muuguzi alikuwa na jibu kwa kila kitu tangu kituo cha kwanza. Sasa aliuliza taratibu, "Na yeye anakiona chako?"

Treni ilisimama. Mzee aliinuka, akaweka kofia yake sawa.

"Unadhani kwa nini siruki hata jioni moja?" akasema, akashuka.