Kinyozi na Vidonge vya Binti Yake

Wasikilizaji wapendwa, asanteni kwa kutufungulia milango ya nyumba zenu. Leo tunamkumbuka kinyozi mmoja aliyezikwa wiki iliyopita. Kinyozi, baba wa binti mmoja. Familia imeniomba nisimpambe. "Sema na lile la aibu," binti yake aliniambia. "Baba mwenyewe angetaka lisemwe." Basi nitalisema.

Marehemu alisifika mtaani kwa jambo moja: hakuna mtoto aliyemshinda kwenye kiti. Alimshika kichwa kwa vidole viwili, akamuuliza swali la ajabu, kama "Hivi wewe umeoa?", na mtoto akatulia akitafuta jibu. Aliyemshinda ni wa kwake tu. Binti alikuwa na miaka saba. Darasani hakai, mezani hakai, sentensi anaianza na kuiacha njiani. Wateja wakambandika jina la Betri.

"Kinyozi, huyu mnamchaji kwa umeme wa nani?"

Marehemu alicheka nao. Kisha akaacha kumleta dukani.

Hospitalini daktari alimweleza taratibu. Mtoto si mkorofi. Ubongo wake unapata shida kutulia kwenye jambo moja. Ipo dawa inayouchangamsha ubongo, na kwa mtoto kama huyu humsaidia kutulia. Kidonge kimoja, asubuhi, baada ya kula. Kisizidi. Na huenda mchana akakosa hamu ya chakula.

Dawa ilisaidia. Narudia, wasikilizaji wapendwa, dawa ilisaidia. Binti anakumbuka siku aliyosoma ukurasa mzima hadi mwisho. "Nikamtafuta baba nimsomee tena. Alinisikiliza amegeukia ukutani. Nadhani alikuwa analia."

Ila marehemu aliogopa maneno ya watu. Mtoto wa kinyozi anakunywa dawa ya wazimu! Hakutaka hata mama mkwe wake ajue, na huyo ndiye aliyehamia kwao kumlea mjukuu baada ya mama wa mtoto kufariki. Akavihamishia vidonge kwenye chupa tupu ya vitamini. Akamwambia bibi, "Mama, hizi ni vitamini zake. Kila asubuhi kimoja."

Bibi akaona mtoto hali chakula cha mchana. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa vitamini si za kumpa mtoto hamu ya kula? Mchana mmoja akamwongezea viwili.

Jioni moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Wakamkimbiza hospitali. Bibi aliiweka chupa mezani. "Vitamini tu, daktari. Nimempa mimi."

Marehemu alimvuta daktari kando, akamnong'oneza ukweli. Mtoto akatibiwa, akapona. Lakini bibi alibaki kwenye benchi akisema, "Nusura nimuue mjukuu wangu." Mkwe wake akamletea maji. Akamwambia, "Usijilaumu, mama." Akaishia hapo. Hakumwambia kwa nini asijilaumu.

Nyumbani bibi akagoma kumlisha mtoto hata kijiko cha uji. Alikuwa anamwita mkwe wake kutoka dukani aje alishe yeye. Halafu asubuhi moja akatokea dukani na mkoba begani, anarudisha ufunguo wa nyumba.

"Sifai kukaa na mtoto, baba. Tafuta mwingine."

Benchi lilijaa wateja. Marehemu akazima mashine, mteja kanyolewa upande mmoja. Akasema mbele yao wote, "Mama, zile hazikuwa vitamini. Ni dawa ya mtoto, ya kumtuliza. Nilikuficha. Niliona aibu."

Bibi akasema, "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unaniangalia ninavyolia."

Bibi akaurudisha ufunguo mkobani, akageuka, akaenda kumpikia mjukuu wake.

Binti huyo leo ni fundi umeme, na wateja wale wale ndio wanaomwita kutengeneza nyaya zao. Anasema bibi alisamehe mapema. Baba ndiye hakujisamehe. "Kila bibi alipomkaribisha chai, aliinamisha macho. Hivyo hivyo mpaka mwisho."

Nilipomuuliza bibi anasemaje, alisema, "Alikuwa mkwe mwema. Aliwaogopa watu tu. Akasahau kwamba mimi nilikuwa mtu wake."

Pole sana, bibi. Pole, binti, na pole kwa wote waliowahi kukaa kwenye kiti chake. Mungu ampumzishe.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tuitumie jioni hii kutazama nyumbani kwetu. Mtoto anayetumia dawa hajamkosea mtu. Kama kuna anayebaki naye wewe ukiwa kazini, bibi, shangazi, dada wa kazi, mwambie ni dawa gani na ni ya nini. Mwambie leo, kabla hajaanza kujilaumu kwa kosa lako.