Mtaa Uliojipaka Rangi

Kijiwe chao kilikuwa nguzo. Nguzo ya umeme ya zege, iliyong'olewa na mafundi miaka mitatu iliyopita, ikalazwa kando ya njia, na mafundi wakaahidi kurudi kesho yake kuichukua. Hawakurudi. Bi Edelmira Polo akaweka meza yake na chupa mbili za kahawa mbele ya nguzo, na tangu hapo, kila asubuhi kabla jua la mji wa Malambo halijaanza kuchoma, wenye kijiwe hujipanga juu yake kama ndege. Kuna Kiberiti, dereva wa bodaboda, ambaye hukasirika kabla hujamaliza kumsalimu. Kuna Nafer, aitwaye Wakili, aliyepata sheria zake zote kwa kufagia mahakama miaka kumi na miwili. Na kuna mzee Ubaldo Charris, aliyeendesha basi maisha yake yote bila kugonga hata kuku, ndiyo maana wakamwita Breki.

Asubuhi ile ya Jumanne Breki alikuja na rozari mfukoni, akakaa mwisho kabisa wa nguzo, pale wanapokaa wageni. Hakuagiza kahawa. Wenzake hawakumwona, maana walikuwa wameinamia bili.

Bili zenyewe zilifika jana. Kule Malambo nyumba hupangwa kwa madaraja, na daraja ndilo linaloamua serikali ikubebee kiasi gani cha umeme. Ukiwa wa daraja la pili, inakubebea karibu nusu. Ukiwa wa la tatu, inakubebea kipande kidogo tu, mengine utajua mwenyewe. Mtaa mzima ulikuwa wa daraja la pili tangu enzi za vichaka, na jana ukaamka wa tatu. Hakuna aliyepata kazi mpya, hakuna aliyeshinda bahati nasibu.

Aliyeumia kuliko wote ndiye aliyekuwa akiwamiminia kahawa. Asubuhi Bi Edelmira huuza kahawa, mchana huuza barafu za juisi, na za mchana ndizo zinazomlisha yeye na wajukuu wawili. Jana jioni aliisoma bili mara mbili, akachomoa friza, akawagawia watoto barafu zote bure kabla hazijayeyuka, akaipangusa vizuri na kutia ndani nguo za kupiga pasi.

— Friza ile ina miaka kumi na tisa, alisema akifuta meza. Imemzika mume wangu na imesomesha binti. Sasa ni kabati.

— Nani kawaambia sisi ni wa tatu? Kiberiti akauliza. Nitajieni mtu mmoja tu wa daraja la tatu hapa.

Wakili akavaa miwani na kuwasomea tangazo lililokuja pamoja na bili. Lilisema daraja hupangwa kwa kutazama sura ya nje: ukuta, mlango, njia, bustani iliyo mbele.

— Yaani hawaingii ndani?

— Hawaingii.

— Kwangu ndani kuna feni moja na watu saba, Kiberiti akasema. Na feni yenyewe shingo imekufa, inampepea mama mkwe peke yake. Hilo hawakuliona?

— Feni haiko ukutani, ndugu yangu.

Kuanzia hapo kila mtu akawa mtaalamu. Wakili alishikilia kwamba siri ni nondo za madirisha: ukiziweka nondo za maua, umekwisha, maana mwenye nondo za maua anadhaniwa ana kitu cha kuibiwa. Kiberiti akasema si nondo, ni mbwa. Daraja la kwanza mbwa hana mwenyewe, la pili anaye ila hafungwi, la tatu anafungwa kamba. Na yeye mwezi wa saba alimfunga mbwa wake asiwaume wabeba sanamu ya Bikira wa Karmeli siku ya maandamano. Wakili akamwambia asilete mbwa kwenye sheria, akahamia kwenye setilaiti inayopiga picha mapaa usiku na kuhesabu yasiyovuja. Basi Kiberiti akaona asishindwe, akatangaza kwamba maandamano yenyewe ndiyo yaliyokuwa mtego, kwamba ofisi ya mipango ndiyo iliyolipia fataki ili watu wapake rangi nyumba zao, kisha wapigwe picha.

— Usimwingize Bikira kwenye bili, Breki akasema. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

— Nani alitwambia tupake rangi? Wewe.

Hilo lilikuwa kweli, na Breki hakulikana. Madereva ni watu wa Bikira wa Karmeli, na mwaka huu Breki alitaka Bikira apite mahali panapomstahili. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba. Watu wakachanga rangi ya njano, wakamwaga zege la njia wenyewe, mfuko kwa mfuko, Jumapili nne mfululizo, wanawake wakapanda maua mbele ya kila mlango. Mtaa ukapendeza hadi watu wa mitaa ya jirani wakaja kupigia picha za harusi. Kumbe uzuri nao una bili.

— Tusipoteze muda, Kiberiti akasema. Tangazo linasema Ijumaa anakuja mkaguzi wa rufaa. Nina ndoo mbili za oili chafu, zile pale. Tunamwaga ukutani, tunang'oa maua, tunavunja njia kwa nyundo. Wakitaka kuona umaskini, tuwaonyeshe. Tunaanza na nyumba ya Breki, iko kona, ndiyo inayoonekana kwanza.

Wakili aliona wazo halipingani na kifungu chochote anachokijua. Alikuwa anakunja tangazo, akasita. Chini kabisa palikuwa na mstari wa herufi ndogo. Akausoma polepole: mkaguzi wa kwanza alipokewa na kutembezwa na mkazi wa mtaa, ambaye alithibitisha kuwa wakazi wana hali njema.

Kiberiti akasimama.

— Mkazi gani?

— Halijaandikwa jina.

— Nikimjua mtu huyo, oili hii ataioga.

Breki akaishika rozari ndani ya mfuko. Alikuwa amekwisha kuliungama lile jambo jana usiku, na padre alimwondolea dhambi, lakini kabla hajainuka akamwuliza kitu kimoja: Bi Edelmira anajua? Tangu hapo swali hilo lilikuwa linalala naye na kuamka naye.

Wakati huo akafika Yulimar, mama kijana kutoka Marakaibo, ng'ambo ya mpaka, ambaye alikuwa na wiki tatu tu tangu apange chumba cha uani kwa Wakili. Alikuja na kikombe chake mkononi. Akaziona ndoo, akauliza ni za nini, na Kiberiti akamweleza mpango wote kwa fahari, kuanzia ukuta hadi maua. Yulimar akasikiliza mpaka mwisho.

— Nimeelewa, kaka. Tukishachafua, tukarudishiwa daraja la pili, tutaruhusiwa lini kupaka rangi tena?

Kiberiti akamtazama Wakili. Wakili akalikunjua tangazo, akaligeuza nyuma, nyuma palikuwa peupe. Hata Bi Edelmira aliacha kumimina. Ilionekana kila mmoja anapiga hesabu ya maisha yake yaliyobaki, na yote angeyaishi nyuma ya ukuta wenye oili.

Breki akainuka, akaenda kusimama mbele ya meza.

— Bi Edelmira, ni mimi.

— Wewe nini, mzee?

— Niliyemtembeza yule mtu. Alinikuta napangusa picha ya Bikira ukutani. Akasema, mtaa mzuri huu. Nikavimba kichwa. Nikampitisha mlango kwa mlango, nikamwambia hapa hatumwombi mtu kitu, hapa wote tunajiweza. Hakuniuliza, nilisema mwenyewe. Ilikuwa majivuno. Bikira hakuniagiza majivuno.

Kiberiti alikwisha kukunja ngumi, lakini alimwona mzee yule ametoa rozari na kuishika kwa mikono miwili, akabaki kasimama na ngumi yake isiyo na kazi.

— Ulimpa juisi? Bi Edelmira akauliza.

— Ya matunda ya korozo.

— Baridi?

— Baridi.

— Barafu ya nani?

— Yako.

Bi Edelmira akafungua chupa. Akamimina kahawa kikombe kizima, akakisukuma mbele ya Breki.

— Nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo mpaka mwezi uishe, alisema. Lakini nina hasira zaidi na mtu anayepima njaa yangu kwa rangi ya ukuta. Ijumaa utamtembeza tena. Utamwambia ulisema uongo. Na safari hii ataingia ndani. Anzia kwangu, umfungulie friza.

— Karatasi inasema hawaingii, Wakili akakumbusha.

— Inasema hawaingii. Haisemi hawakaribishwi.

— Na akikataa? Wakili akauliza.

 Bi Edelmira akaitikisa chupa ya pili, ilikuwa tupu. Breki akanywa kahawa yake akiwa amesimama, kama mtu anayekunywa dawa, kisha akaenda kuandika alichotaka kusema Ijumaa, maana alijijua: mbele ya watu wa ofisi ulimi wake hupenda kupendeza.

Kiberiti akabeba ndoo zake kurudi nyumbani. Alikuwa bado analaani setilaiti, mbwa na serikali, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Lakini alikwenda taratibu, mikono kaitanua mbali na mwili, akitazama chini kila hatua, oili isije ikadondokea njia.