Rimma Savelyevna na Mlango wa Ustinya

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna supu jikoni, punguzeni moto mje mkae. Leo hatuanzi na muziki. Tumemzika Rimma Savelyevna Obukhova. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Rimma Savelyevna, msanifu majengo aliyelifufua kasri letu la Lipovo, amefariki akiwa na miaka tisini na miwili, na jana tumemzika.

Magazeti ya mjini yameandika nishani zake na makasri yote aliyoyatengeneza. Wameandika vizuri, sina ugomvi nao. Ila mlango wa Ustinya hawakuugusa, na mwenyewe aliniambia zaidi ya mara moja kwamba ukiuacha mlango ule, umeacha maisha yake. Basi nitausimulia mimi.

Rimma alikuja Lipovo akiwa ametoka chuoni, vita vimekwisha si zamani. Wajerumani walikuwa wamefuga farasi ndani ya kasri, na walipoondoka wakalitia moto. Zilibaki kuta, na theluji katikati. Aliniambia alikaa juu ya rundo la matofali akalia mpaka akachoka, kisha akafuta kamasi kwa glavu, akatoa utepe wake akaanza kupima.

Kilichopona ni milango. Milango ya mwaloni, iliyochongwa mizabibu. Kijiji nacho kilikuwa kimechomwa, watu wanaishi kwenye mahandaki, na milango ile walikuwa wameibeba mapema, kabla kasri halijachomwa, ili wajikinge na baridi. Rimma akaanza kupita nyumba hadi nyumba akiiomba. Wakampa jina, Mama Milango. Mzee mmoja alikuwa ameufunga mlango wa kasri kwenye banda la nguruwe, akamtania, "Binti, hawa wameshazoea ukabaila. Ukiwanyang'anya mlango watanigomea kula." Lakini akautoa. Miaka ikapita, kuta zikapanda, paa likarudi, na milango karibu yote ikarudi. Ukabaki mmoja tu.

Huo ulikuwa kwa Ustinya Gerasimovna Kulkova, mjane aliyeishi na baba yake, mzee Gerasim, na bintiye mdogo Nyusha. Mzee Gerasim aliijenga nyumba yao kuufuata mlango, si mlango kuifuata nyumba. Ukiung'oa, hakuna mlango mwingine kijijini utakaoziba tundu lile. Rimma alilijua hilo. Akamwahidi Ustinya kwamba mafundi wa kasri watamtengenezea mlango mpya kwa kipimo chake, na utafika kabla ya baridi.

"Baba ana kifua kibovu," Ustinya alimwambia. "Nakupa mlango kwa sababu nakuamini wewe. Hao wakubwa zako siwajui."

Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa vuli ya mwaka hamsini na saba. Wenye umri wangu mnakumbuka tulivyokuwa tunafanya kazi enzi zile. Kila kitu lazima kiwe tayari kwa sikukuu ya mapinduzi, mwezi wa Novemba, hata kama plasta bado mbichi. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kufungua kasri. Maseremala wote wakapelekwa kwenye sakafu ya ukumbi wa dansi, na mlango mpya wa Ustinya ukaambiwa usubiri. Kumbe baridi haikusubiri. Ilikuja mapema mwaka ule.

Ustinya akapigilia mbao mbichi mlangoni, akatundika blanketi. Upepo ukapita vilevile. Sehemu ya joto ya kulala, juu ya jiko la matofali, mzee Gerasim alimwachia mjukuu wake Nyusha. Yeye akalala kwenye benchi. Rimma alikwenda kwa mkuu wa kazi kuomba fundi wa siku moja tu. Mkuu akamuuliza kama wageni wanakuja kutazama kasri au kibanda cha Ustinya. Rimma akarudi kazini.

Hapa ndipo penye donda. Mlango ulikuwa kwenye karakana, umesafishwa, mizabibu inang'aa. Angeweza kuupakia kwenye mkokoteni akaurudisha ulikotoka mpaka sikukuu ipite. Wala hapakuwa mbali. Hakuurudisha. Aliniambia wazi kwamba alitamani sana kuuona mahali pake. Alikuwa ameungoja miaka mingi, na siku chache zaidi aliziona si kitu.

Mzee Gerasim akashikwa na kichomi. Wakamzika kabla ya sikukuu.

Siku ya ufunguzi kijiji kizima kilialikwa. Ustinya alikuja na kitambaa cheusi kichwani, akapita ukumbi hadi ukumbi, akasimama mbele ya mlango wake. Ulikuwa umeachwa wazi ili wageni wapite. Akaupapasa. Rimma alikuwa amesimama karibu, na maua mikononi.

"Mlango umependeza," Ustinya akasema. "Sasa ufungeni. Upepo unaingia."

Hakuna aliyeufunga.

Kesho yake Rimma alimburuta seremala mmoja kwa nguvu, na mlango mpya ukafungwa nyumbani kwa Ustinya. Ustinya akawapa chai. Hakumtukana, hakumfukuza. Ingekuwa nafuu kama angemtukana.

Majira ya baridi yakaenda, ikafika Jumapili ya Msamaha. Mnajua tunavyofanya siku ile kabla ya mfungo, hata miaka ile serikali ilipoibana dini na watu wakafanya kimyakimya. Unakwenda kwa mtu, unamwambia, "Nisamehe." Naye anajibu, "Mungu atakusamehe, nami nakusamehe." Rimma, mtu wa chuo asiyejua hata kanisa linaingiwa wapi, akaenda kwa Ustinya akainama. Ustinya akamjibu, "Mungu atakusamehe." Akaishia hapo. Akamwekea chapati za maji na maziwa mgando.

Mwaka uliofuata ikawa hivyohivyo. Na uliofuata. Rimma alikuwa anatengeneza makasri ya mbali sasa, ana cheo, ana dereva, lakini Jumapili ile lazima awe Lipovo. Mpwa wake Gleb ameniambia kwamba nyumbani walikuwa hawamuulizi. Akirudi alivua buti, akasema neno moja tu: "Bado."

Ustinya naye akafa. Rimma hakuacha. Alipostaafu alihamia hapa kabisa, na kila mwaka akawa anakwenda kwa Nyusha, ambaye hakuolewa na alibaki peke yake kwenye nyumba ile. "Nisamehe, Nyusha, kwa niaba ya mama yako na babu yako." Na Nyusha, kama mama yake: "Mungu atakusamehe." Kisha chapati, kisha mazungumzo mpaka jioni.

Jana makaburini, kabla jeneza halijafunikwa, Nyusha alitusukuma tukampisha. Ameniruhusu niyaseme maneno yake hapa.

"Shangazi Rimma," alisema, "mama alikusamehe. Alipokuwa anakata roho alinituma nikwambie. Alisema amekusamehe siku nyingi, ulimi tu ulikuwa mzito. Sikukwambia. Niliogopa ukishasamehewa hutakuja tena."

Akainama akambusu kwenye paji la uso. Akasema, "Nisamehe." Kisha akakaa hivyo, ameinama, anangoja. Gleb ndiye aliyemshika mkono akamwinua.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yenu nampa pole Gleb na ndugu wote wa Rimma Savelyevna. Nampa pole Nyusha, na naomba asinyooshewe kidole dukani. Msanifu wetu amelala, na kasri lake limesimama. Kama na wewe una mtu unayemjibu nusu kila mwaka, mfikirie leo. Jumapili ya Msamaha ni keshokutwa.