Kagua na Siku Mtandao Ulipozama

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mliofika hapa mlimjua kwa jina la Kagua, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli na mkunga. Jina hilo alipewa na baba. Dada alikuwa na wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga. Tukishafika barabarani, yeye hurudi mbio kuhakikisha mlango umefungwa.

"We Kagua, mlango hauna miguu," baba alimtania.

"Mlango hauna, baba. Mwizi anayo."

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na stesheni, akamaliza sekondari mwaka 1992, na mwaka 1996 akahitimu stashahada ya elektroniki na mawasiliano. Alianzia kazi kwenye kampuni ya simu. Mwaka 2005 akahamia kampuni inayohifadhi tovuti na mifumo ya watu: maduka, shule, hospitali. Huko akapanda hadi kuwa mkuu wa mtandao.

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu mpole. Simu ya kazini iliita akiwa bado anavishwa shela, naye akaipokea. Shemeji alipoambiwa kwa nini bibi harusi kachelewa, alicheka tu: "Nilijua naoa mtu na mitambo yake." Mungu aliwajalia binti na mtoto wa kiume.

Lililompata Septemba 2019 wengi hamlijui, maana hakupenda kulisimulia. Kampuni ilishambuliwa. Maelfu ya kompyuta zilizotekwa na wahalifu zilibisha hodi kwa pamoja kwa mteja mmoja, kampuni ya kamari, hadi njia ikaziba kwa wateja wote. Kinga iliyonunuliwa kwa ajili ya balaa kama hilo ilishindwa kutofautisha mgeni na adui. Ikawafungia nje hata wenyeji.

Asubuhi hiyo akapigiwa na fundi wa maabara wa hospitali moja. "Dada, mfumo haufunguki. Kuna mama yuko chumba cha upasuaji anavuja damu, na rekodi ya damu yake imo humo. Tumeanza kupima upya, lakini daktari anasema muda hatuna."

Kagua alimwendea mkurugenzi. "Bosi, tumzime huyu wa kamari. Gharika inamfuata yeye. Akitoka, wengine watapumua."

"Huyo ndiye anayetubeba. Kinga itakaa sawa. Subiri."

"Mgonjwa hasubiri kinga."

Akarudi mezani kwake akamzima yule wa kamari. Njia ikafunguka kwa wengine, lakini si kwa hospitali: kinga ilikuwa bado inaihesabu kuwa adui. Aliwapigia waliowauzia kinga hiyo, wakamwambia asubiri zamu yake. Akaitoa hospitali nje ya kinga kabisa, akaiacha wazi kama nyumba isiyo na mlango, huku akijua adui akigeuka tu, yamekwisha. Akakaa akiitazama ile njia, hathubutu hata kunywa maji, mpaka simu ilipoita.

"Imefunguka, dada. Damu inapelekwa."

Kama mgonjwa alipona, hakuuliza. Aliogopa jibu. Kampuni ya kamari ilihama, naye akasimamishwa kazi. Akawa anakaa sebuleni akishtuka kila simu ikilia. Ni fundi yule yule aliyempigia baadaye, bila kuulizwa, akamwambia mama yule ametoka hospitalini kwa miguu yake. Dada alilia hadi shemeji akadhani kuna msiba. Kazini nako mitambo iliendelea kuzimika kila mara, mwisho kampuni ikamwita arudi.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya moyo. Daktari alimkataza simu. Akamkabidhi mumewe, kisha kutwa nzima akawa anamuuliza, "Baba Watoto, mtandao upo?"

"Upo, mke wangu. Lala."

Alipozidiwa na kulazwa, mkurugenzi alikuja kumjulia hali. Kabla ya kuaga akasema, "Kagua, siku ile niliogopa."

"Hata mimi, bosi. Ila mimi nilikuwa nimezoea."

Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, mumewe akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, binti anayesomea uuguzi, mtoto wa kiume, sisi wadogo zake watatu, na wenzake wa kazini, ambao wengine hawapo nasi hapa kwa sababu wako zamu.

Pumzika kwa amani, dada. Wasiwasi tuachie sisi.